Waya wa Chaji

Nikitoka kuchaji betri Musoma, taa ya pikipiki yangu iliwaka vizuri mpaka nikaona macho ya sungura ukingoni mwa barabara. Kesho yake ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Baada ya hapo ilikuwa pambo tu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka ule, nikapangiwa kijiji kipya cha ujamaa kati ya Bunda na Butiama. Kwenye barua ya kazi niliitwa bwana shamba wa pamba. Ofisini Musoma nilielezwa kazi nyingine kwa mdomo: kila jioni, giza likishaingia, nizunguke na pikipiki ya serikali niangalie nani yuko kwenye nyumba yake mpya na nani amerudi kwenye boma lake la zamani. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka vilimani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Aliyekutwa amerudi, boma lake lilibomolewa na ng'ombe wake wakaswagwa mpaka kijijini, ambako hapakuwa na malisho ya kutosha hata mbuzi.

Sikuipenda kazi hiyo na sikuficha. Katika kikao cha Musoma nilisimama nikauliza kama kuna mtu aliyewauliza wenyewe wanaohamishwa. Mkuu wangu wa kazi akasema, "Ndugu, keti. Chuo umeshamaliza." Wenzangu wakacheka.

Habari hiyo nilimsimulia mwenyeji wangu jioni ileile. Alikuwa mkulima wa pamba wa rika langu, na nililala chumba cha nje cha nyumba yake. Yeye aliniita msomi, mkewe aliniita shemeji. Kila asubuhi mkewe aliniwekea kibuyu cha maziwa mlangoni. Mwenyeji wangu alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Msomi, unaulizaga sana wewe. Iko siku watakufunga."

"Wanifunge kwa swali?"

"Kwani wengine walifungwa kwa nini?"

Nilikichukulia kicheko kile kuwa ni urafiki.

Taa ilipoanza ugonjwa wake, nilibadilisha globu kwanza. Haikusaidia. Nikafungua kichwa cha taa, nikakwangua kutu pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Ikawaka kidogo kisha ikalegea. Fundi mmoja wa Nyakato, palepale Musoma, aliipigapiga betri kwa kidole kama mtu anayechagua nazi, akasema, "Hii imekufa. Haishiki chaji. Nunua nyingine."

Sikumwamini. Niliichaji, nikaiweka mezani chumbani bila kuifunga popote. Siku kadhaa baadaye nikaigusisha globu, ikawaka kali. Betri ilikuwa nzima, ila ikiwa kwenye pikipiki ilitumika bila kulishwa. Nikawasha injini, nikavuta mafuta mpaka ikanguruma, na mwanga haukupanda hata kidogo. Chaji haikuwa inafika.

Haya yote niliyafanya uani, na mwenyeji wangu alikuwa amechuchumaa karibu yangu. Lakini hayakuwa mageni kwake. Miezi miwili mitatu nyuma, taa ikiwa bado nzima, alikuwa ameniuliza umeme wa pikipiki unatoka wapi. Nilifurahi. Ni nani mwingine pale aliyewahi kuniuliza kitu? Nilimchorea mavumbini kwa kijiti: injini hapa, betri pale, na waya mmoja unaopita chini ya tangi.

"Na waya huu ukikatika?" aliuliza.

"Pikipiki itawaka kama kawaida. Taa itakwenda siku moja, labda mbili, halafu itakufa yenyewe. Na kila mtu atailaumu betri."

Aliniomba nirudie. Nikarudia, tena kwa furaha.

Sasa nilivua tangi. Niliitoa betri isinidanganye, nikachukua globu ndogo yenye nyaya mbili, nikawasha injini, nikapima waya wa chaji upande wa injini. Globu ikawaka. Nikapima upande wa betri, baada ya kiungo ambapo ncha moja ya waya huchomekwa ndani ya nyingine. Giza. Kiungo kilikuwa kimebanwa vizuri, kisafi, hakina kutu. Nilipoivuta ncha, ndani yake palikuwa na kipande cha pamba, kimesokotwa na kushindiliwa kwa uangalifu, ili ncha mbili zikae pamoja bila kugusana.

Nilimtazama mwenyeji wangu. Alikuwa anaitazama pamba, hakunitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Ungekuwa unatembea na taa," alisema, "ungefika kwangu."

"Kwako ni hapa."

"Hapa nimepangwa. Kwangu ni kule." Alinyoosha kidevu kuelekea mawe ya kilima kilicho njia ya Butiama. "Baba yangu amelala kule. Ng'ombe wako kule. Kila jioni tunakwenda kukamua na kuwasha moto wa boma, alfajiri tena. Ukiuacha moto wa boma ukazimika, wewe siyo mtoto wa mtu."

Ndipo nilipokumbuka kibuyu. Katika uwanja wa nyumba ile hapakuwa na hata ndama. Mimi niliyehoji globu, betri na mkutano mzima wa Musoma nilikuwa nakunywa maziwa kila asubuhi bila kujiuliza ng'ombe wako wapi.

"Nilikueleza niliyosema kikaoni," nikamwambia. "Nilisimama kwa ajili yenu. Ungeniambia tu."

"Nikuambie wewe?" Alicheka, safari hii bila kushika mbavu. "Msomi, wewe ukijua kitu unakiuliza. Ukikiuliza hapa, utakiuliza na ofisini. Hatuogopi ubaya wako. Tunaogopa mdomo."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. "Shemeji," alisema taratibu, "utaandika?"

Niliisokota ile pamba upya, nikairudisha ndani ya kiungo, nikaibana kama nilivyoikuta. Nikafunga betri na tangi, wao wakinitazama. Nilitaka waone. Nilitaka mmoja wao aseme neno, hata asante ya kunung'unika, lakini mwenyeji wangu alisimama, akakung'uta suruali yake, akaenda zake shambani.

Wiki hiyo mkuu wangu aliniuliza Musoma kwa nini haletewi ripoti za jioni. Nilisema betri haishiki chaji. Akatikisa kichwa. "Msomi mzima unashindwa na taa." Wenzangu wakacheka tena, na safari hiyo niliwaacha wacheke.

Nilirudi kabla jua halijazama, kama ilivyokuwa lazima. Tangu siku ile ya pamba hapakuwa tena na kibuyu mlangoni asubuhi. Nilimuuliza shemeji kama kuna mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa."

"Na maziwa?"

"Maziwa gani, shemeji?" alisema, akaendelea kupepeta.

Nilipanda kile kilima mchana, kwa miguu. Nilikuta kaburi limefagiwa na zizi la miiba likiwa wazi. Jivu la moto lilikuwa limezolewa lote, hata mkaa haukuachwa. Kwato zilishuka upande wa pili, kuelekea mahali ambapo mimi sikupajua na hakuna aliyekuwa na nia ya kunionyesha. Kinyesi kilikuwa kimeshakauka juu. Walikuwa wamewahamisha ng'ombe jioni ileile niliyorudisha pamba mbele ya macho yao.