Kata Niliyomkabidhi Baba Mkubwa

Naandika haya uso ukiniwaka. Baada ya kuzurura miaka mingi, nilirudi Moshi kumwomba baba mkubwa kipande cha shamba la ukoo. Tulikutana nyumbani kwa dada yangu, huko Mabogini. Jikoni nikaona ndoo imefunikwa kwa jani la mgomba, ndani mna kinywaji cha kahawia. Nikajua ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikachota kata, nikampa mzee kwa mikono miwili.

“Karibu, baba. Mila zetu sijazisahau.”

Akanywa. “Mbona ina chumvi?”

“Hata marehemu mama aliitengeneza hivihivi,” nikasema, machozi yakinilenga.

Dada akatokea bandani. “Kaka, iko wapi ndoo ya maji ya molasi ya miwa na chumvi niliyomchanganyia ng'ombe ahimili joto?”

Mzee akanirudishia kata. “Kwetu anayekaribisha huonja kwanza. Hilo nalo hukulisahau?”