Kisu cha Tatu

Mwanangu, umeniambia Jumatatu unaanza kazi kwenye karakana ya mbao, nami nimefurahi kweli. Lakini kaa hapa kidogo. Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vinatoka jasho.

Ilikuwa zama za Ujamaa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi katika chama chetu cha ushirika pale Gerezani, jirani na Kariakoo, tukitengeneza madawati ya shule. Tulikuwa na mashine moja kubwa ya randa, ya kulainisha mbao. Ndani yake mna rola ya chuma, na kwenye rola hukaa visu vitatu virefu, kila kimoja kimebanwa kwa boliti sita. Rola ikizunguka huvioni tena visu. Unaona kivuli tu.

Aliyenifundisha kuvifunga ni Mzee Kanji, fundi wa Kihindi aliyekuwa akiishi Upanga. Alikilaza kijiti cha mninga kilichonyooka juu ya meza ya mashine, akaizungusha rola kwa mkono, polepole. Kila kisu kilipaswa kukisogeza kijiti mbele kwa urefu uleule, kulia, katikati na kushoto. Kikizidi unywele mmoja, mbao inatoka na mawimbi. "Ukishapima," alikuwa akisema, "kaza boliti zote, halafu rudia kukaza. Usiondoke hapo hata akikuita mama yako." Mimi nilikuwa na mkono mwepesi na kupenda sifa, nikaona mzee anazidisha.

Siku hiyo nilikuwa nafunga visu vilivyotoka kunolewa. Viwili nilivimaliza. Cha tatu nilikipima, nikazishikiza boliti kwa vidole tu, nikanyoosha mkono kuchukua spana. Umeme ukakatika. Wenzangu wakaanza kutoka kwenda kula. Nikasema moyoni, nitamalizia nikirudi. Nikarudishia kifuniko ili vumbi lisiingie, nikaenda zangu Feri kununua samaki.

Kifuniko kile ndicho kilichotaka kuua mtu, maana atakayekikuta mahali pake atadhani kazi imekwisha.

Nilikuwa narudi, nimefika Mnazi Mmoja, samaki wamefungwa kwenye gazeti, mara redio ya fundi cherehani mmoja ikaanza kuimba ghafla. Watu wakashangilia, "Umerudi!" Mimi nilimfikiria Chande. Huyu alikuwa rafiki yangu kutoka Masasi, tukikaa chumba kimoja, na ndiye aliyekuwa akisukuma mbao kwenye randa. Hakuwa mtu wa kusubiri.

Niliwatupa samaki nikakimbia. Sasa kijana akikimbia Kariakoo mchana unajua ataitwa nani. Mtaa wa pili tu nikasikia, "Mwizi huyo!" Mtu akanidaka ukosi wa shati, wengine wakanizunguka, mmoja ameinua gongo.

"Umeiba nini?"

"Mashine," nikasema, pumzi sina.

"Kaiba mashine!"

"Sikuiba! Nimeiacha haijafungwa, itaua mtu!"

Mama mmoja muuza ndizi akaitazama mikono yangu, imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. "Mwacheni, huyo fundi," akasema. Sijui jina lake, ila namwombea mpaka leo.

Nikakimbia tena. Nikiwa bado nje ya karakana nikasikia randa inalia, na mlio haukuwa wake. Ndani yake mlikuwa na kitu kinachogonga. Chande alikuwa ameinama, mbao imebaki shubiri moja ifikie visu. Nilipiga kelele, msumeno wa jirani ukaimeza sauti yangu. Swichi ilikuwa ukutani ng'ambo ya mashine, na kuifikia lazima nipite mbele ya rola. Mwanangu, sikudanganyi, nilisimama. Nilisimama mlangoni kwa sababu niliogopa kufa. Kisha nikapita nimeinama, nikaipiga swichi, nikamvuta Chande kwa mkanda wa suruali, tukaanguka wote.

Rola haisimami mara moja. Kisu kilichomoka tukiwa chini. Sikukiona, nilisikia kifuniko kikipasuka. Tulipoinuka, kipande cha kisu kilikuwa kimezama katika dawati lililokuwa nyuma ya Chande, usawa wa tumbo lake.

Wenzangu wakanipigia makofi. Chande akanikumbatia analia. Nami nikaacha wanisifu, na hofu nyingine ikaniingia, mbaya kuliko ile ya kwanza.

Mzee Kanji aliokota boliti sakafuni, akazitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha. "Hizi hazijakatika," akasema. "Hazikukazwa."

"Haiwezekani, Mzee," Chande akadakia. "Aliyefunga ni huyu, na ndiye kaniokoa."

"Sikukaza," nikasema. "Niliondoka nikaenda kula."

Chande akaniachia taratibu, akanitazama kama mtu asiyenijua. Jioni ile alikunja godoro lake, akahamia kwa shemeji yake Ilala. Ilipita miezi mingi kabla hatujala sahani moja tena, na kwenye randa hakurudi kamwe.

Kesho yake Mzee Kanji alinipa visu vingine nivifunge. Nilipomaliza akasema, "Haya, simama pale aliposimama Chande. Tuwashe." Nikaomba nikague tena. Nikakuta boliti moja inakubali nusu mzunguko. Nikakagua tena, na tena. Mzee akaja kusimama bega kwa bega nami, ndipo akaashiria swichi iwashwe. "Hofu hiyo," akaniambia, "uwe nayo kila siku kabla ya kuwasha. Baada ya hapo haisaidii mtu."

Basi mwanangu, nakuusia. Ukiitwa katikati ya kazi, iache wazi kila mtu aione kuwa haijakwisha, na toa fyuzi ya mashine uitie mfukoni, isiweze kuwashwa. Usifunge kisu ambacho wewe mwenyewe huthubutu kusimama mbele yake. Na ukikosea, sema upesi, "Ni mimi," kabla mwenzako hajaanza kukutetea.

Mungu akuongoze kwenye kazi hiyo, akupe wenzako wa kweli, na kila jioni akurudishe kwetu na vidole vyako vyote kumi.