Bundi wa Uani kwa Mama Feza

Nakumbuka asubuhi moja hapa mtaani kwetu Yeoville, mwanangu, niliingia saluni na picha mkononi, nikicheka peke yangu. Siku hizi hata kucheka kunanichosha. Lakini keti nikuambie, maana nakuona kila jioni na simu yako, ukiwapiga picha vipanga wa kilima cha Observatory.

Nilikuwa msusi kijana, nimenunua kamera iliyokwishatumika. Uani kwa Mama Feza, fundi cherehani, mjane kutoka Uvira, kulikuwa na msonobari, na humo alilala bundi mkubwa mchana kutwa. Miezi mitatu nilimtazama kutoka ngazi za jengo letu. Nilimpenda, Mungu anajua. Aliwala panya waliotushinda sisi. Siku alipofumbua macho yake ya manjano, nikampiga picha.

Nikaibandika kwenye kioo cha saluni. Mteja akauliza, "Huyu anakaa wapi?"

"Kwa Mama Feza!" nikajibu kwa majivuno.

"Eish," akaguna kwa hofu, akaitazama picha tena.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki ile mtoto wa jirani alishikwa na homa, na watu wakaikumbuka picha. Wakasema Mama Feza ni mchawi, anafuga bundi. Mwenye nyumba akampa siku mbili ahame. Msonobari ukakatwa. Nami niliyejua ukweli nilisimama getini kimya, nikiogopa kupoteza wateja.

Alipokuwa akipakia cherehani yake garini ndipo nikamsogelea. "Mama, sikujua."

"Ndege umemtazama miezi mitatu," akasema, bila hasira. "Mimi ungenitazama siku moja tu, ungejua watanisema nini."

Mtoto alipona kwa dawa za kliniki. Hakuna aliyemwita Mama Feza arudi. Baada ya mwaka nilimkuta mtaa wa Fordsburg, akishona mapazia katika duka la watu. Nikamwomba msamaha, akanisamehe, akanipa na chai, kisha akageukia kazi yake. Nilirudi nyumbani mzito kuliko nilivyokwenda.

Basi, mwanangu, piga picha zako. Ila kabla hujamwonyesha mtu, jiulize nani anaishi chini ya mti ule. Na ukikosea, sema ukweli mapema, mbele ya watu wale wale, hata kama sauti inatetemeka. Msamaha uliochelewa haumrudishi mtu nyumbani kwake. Mungu ayalinde macho yako, aulinde na ulimi wako, akujalie majirani wa kukutetea usipokuwepo.