Mama wa Kambi ya Wakata Miti

Wasomaji, nicheke nanyi, maana hata diploma ya ng'ambo haikuniokoa Jumamosi iliyopita. Nilijisomesha mwenyewe, nikarudi Lubumbashi na suti zangu, nikabakiza jambo moja tu: mama wa Odette, mchumba wangu, akubali nimwoe binti yake. Alikuwa anakuja kutoka Mitwaba, na tulikuwa hatujawahi kuonana. Kwao mkwe hamgusi mama mkwe hata kwa kidole. Humsalimia kwa mbali, macho chini. Salamu hiyo niliifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Familia ilipanga tukutane kwenye makumbusho ya wakata miti, ambako waigizaji waliovaa kizamani hupasua magogo kwa msumeno mrefu, kama enzi za kambi. Nilifika mapema. Juu ya gogo alikaa mama mmoja mwenye kitambaa kichwani na kikapu cha mihogo miguuni. Nikajisemea, huyu mwigizaji ni hodari! Nikamkumbatia mabega tupige picha.

"We mutoto, niache! Niko nangojea binti yangu!"

"Bravo, mama! Hata hasira yako iko ya kweli! Shika shoka, ucheke kidogo."

Hakucheka, basi nikamfinya shavu.

Odette akatokea na wajomba zake, akashika kichwa.

"Mama, pardon... muchumba wangu njo huyu."

"Njo huyu mukwe?" mama akauliza.

Vidole vyangu vilikuwa bado shavuni mwake.