Nafasi ya Mjomba Kabatini

Asubuhi niliyotoka Kutus sikuwa nimefukuzwa na mtu wala kuitwa na mtu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nikiziba matairi ya baiskeli karibu na soko. Nilinawa uso, nikainua macho, nikaona mlima umejitokeza wote bila wingu hata moja. Nikajiuliza kama watu wa Nyeri huuona vilevile, au kama kwao vilele vimebadilishana nafasi. Niliacha shule darasa la tano, na maswali ambayo wenzangu walimwuliza mwalimu mimi nilizoea kuyaendea kwa miguu. Nikamrudishia fundi mkuu spana zake, nikafunga blanketi, na jua halijapanda sana nilikuwa nimeketi juu ya lori la nyanya.

"Unaenda kuona nani huko Nyeri?" dereva aliniuliza tuliposimama Karatina.

"Mlima."

"Na huu ni nini?"

"Nataka kuuona kutoka upande ule."

Akamgeukia utingo wake. "Huyu umchunge vizuri. Akiruka, usiseme sikukuambia."

Tulifika Nyeri saa sita. Vilele havikuwa vimebadilishana. Vilikuwa vimesogeleana tu, kama watu wawili wanaonong'onezana. Nilivitazama mpaka wingu likavifunika, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kulala. Muuza ndizi akanielekeza mtaa wa Skuta, kwa mama mmoja mjane ambaye alisemekana kuwa na chumba nyuma ya nyumba yake.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye debe lililopinduliwa, mikono mapajani, kama mtu aliyekuwa na kazi akaishiwa na nguvu katikati.

"Chumba niko nacho," alisema. "Shida ni kwamba kuna wenyewe ndani."

Nilidhani ni wapangaji. Akafungua mlango, nikaona magunia matano yamesimama ukutani. La kwanza lilikuwa wazi, na ndani yake, kati ya karatasi za gazeti, twiga alikuwa ametoa shingo.

Hapo akanieleza. Mumewe alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya watalii. Wachongaji walikuwa wakija getini na vinyago vyao, na vile vyenye kasoro, ambavyo mtalii hangevitaka, yeye ndiye aliyevinunua. Tembo mwenye pembe moja. Kiboko wa jiwe aliyepasuka mgongo. Kila alichonunua alikiweka sebuleni, katika kabati la vioo, na hakumruhusu mtu mwingine kukipangia mahali. Kazi ya mkewe ilikuwa kupangusa vumbi tu; mume alimrudisha kila mmoja mwenyewe, mara hapa, mara pale. Mumewe alipofariki, miaka miwili nyuma, sebule ililazimika kuachiwa waombolezaji. Kabati likasogezwa, sanamu zikaingia kwenye magunia, na hazikutoka tena.

"Nikishika mmoja naona mkono wake akimweka," alisema. "Basi nawacha."

Lakini siku hiyo hakuwa na ruhusa ya kuwacha. Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa anakuja kutoka Kangari saa kumi. Alikuwa amesikia habari ya magunia, akatuma neno kupitia kwa jirani: kama vitu vya ndugu yangu ni vya gunia, hata mimi niko na gunia.

"Atawachukua wote," mama alisema. "Miaka kumi na moja nimewapangusa. Akienda nao, mimi nitapangusa nini? Redio?"

Nikamwambia mimi si ndugu wa marehemu, kwa hiyo nikiwarudisha kabatini mkono wangu hautamkumbusha mtu yeyote. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, halafu akasema kwamba magunia yakiisha, chumba ni changu.

Kabati lilikuwa na rafu nne na milango ya vioo ya kusukumwa pembeni. Sijawahi kuwa na rafu yangu mwenyewe, lakini nimesimama mbele ya madirisha ya maduka mengi kuliko wanunuzi wengi, na najua jinsi duka linavyopanga: warefu nyuma, wafupi mbele, asiwepo anayemficha mwenzake. Mama alikaa na karai la maji na kitambaa, akifuta mmoja mmoja na kunipitishia, na kila mmoja alikuja na maneno yake.

"Huyu sikio nilimvunja mimi. Nikamwambia mzee ni paka."

"Aliamini?"

"Hatukuwa na paka."

Niliwapanga tembo mstari mmoja kwa ukubwa, mkubwa mbele na mdogo mwisho.

"Kwani wanaenda paredi?" aliuliza.

Nikawageuza wawili watazamane. Akakubali. Baada ya hao alinipa mwanamke wa mbao aliyebeba mzigo wa kuni, ukamba wa mzigo umepita juu ya paji la uso, kama akina mama wa huku wanavyobeba hadi leo. Nikamsimamisha pembeni kabisa, kwa sababu mzigo wake ulichukua nafasi. Kisha wakaja ng'ombe sita, kigoda kidogo cha miguu mitatu, na Mmasai mrefu, mweusi, anayeng'aa. Mkuki wake wa kwanza ulikuwa umepotea. Mtu alikuwa amemtengenezea mwingine kwa spoki ya baiskeli, akaunoa ncha vizuri sana. Nilimpenda palepale. Nikawaweka ng'ombe rafu ya chini, na Mmasai nikamsimamisha katikati yao. Nani anajua ng'ombe kumshinda? Mama alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akasema hapo nimepatia. Tulifunga vioo saa tisa na nusu, tukiwa na furaha ya watu waliowahi.

Wifi alifika kabla ya saa kumi. Alikuwa mrefu kuliko mlango, au ndivyo ninavyomkumbuka, kiondo mgongoni na magunia mawili yaliyokunjwa kwapani. Alitusalimu kwa mkono, mmoja mmoja. Alipoonyeshwa kiti akasema, "Nitasimama." Nikaona uso wa mama ukibadilika, kwa maana huku kwetu mgeni anayekataa kiti ameshasema nusu ya aliyoyajia.

Alianza kukagua kutoka juu. "Twiga wako sawa." Rafu ya pili, ya tatu. "Tembo, sawa." Akainama kuitazama ya chini, na hakuinuka haraka.

"Haiya," alisema. "Nani ameweka mjomba zizini?"

Mama na mimi tukainama kutazama rafu ya chini.

"Nauliza, ni nani amemlaza mjomba wetu na ng'ombe?"

"Ni mimi, nyanya," nikasema. "Nilifikiri anachunga."

"Ulifikiri. Mama yetu alikuwa Mmasai, aliletwa huku akiwa mtoto wakati wa njaa. Ndugu zake walipokuwa wakija kumwona, baba yetu alikuwa anainuka kwa kiti chake mwenyewe awapatie. Hakuna mtu anaonja kitu kabla mjomba hajaonja. Mjomba akitoka kwako na hasira, hata mbuzi wako hazai! Ndugu yangu alimnunua huyu kwa sababu anafanana na yule mkubwa wao, mpaka ile pua. Na nyinyi mmempa kazi ya kuchunga!"

Akakung'uta gunia la kwanza likafunguka. Akasukuma kioo.

Nilitamani kusema kosa ni langu peke yangu, mama huyu hahusiki, lakini mama alikuwa ameshamfikia. Hakumzuia mkono. Alisimama karibu naye tu, kitambaa chenye maji kikidondoka sakafuni.

"Miaka kumi na moja nimempangusa huyu mtu," alisema, "na hakuna siku nimeambiwa ni nani. Nilijua mkuki wake unadunga, basi. Wewe ukimbeba leo, watoto wangu wakitoka shule wataambiwa na nani kwamba wako na mjomba?"

Wifi aligeuka. "Hakukuambia?"

"Aliniambia asiuzwe."

"Asiuzwe tu?"

"Asiuzwe, na uji umepoa. Hayo ndiyo maneno yake ya siku aliyomleta."

Wifi alikaza midomo, lakini kicheko kikampitia puani. "Huyo ndugu yangu! Hata jino likimuuma alikuwa anaficha, utadhani ni la kuiba." Akatazama gunia mkononi mwake kama kitu alichoshikizwa na mtu mwingine. Halafu akavuta kiti, akaketi.

Mama alienda kuweka chai motoni bila kuulizwa.

"Wewe kijana wa zizi," wifi aliniambia, "mtoe hapo."

Nilimtoa. Akaniagiza nifungue nafasi katikati ya rafu ya pili, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, niweke kigoda karibu naye ili aonekane amekaribishwa, na nimwelekeze mlangoni, ajue nani anaingia. Tembo wawili walishushwa cheo. Ng'ombe wakabaki chini peke yao.

"Na huyu wa kuni?" nilimwuliza.

Alimpokea, akapitisha kidole kwenye paji la uso, pale ukamba ulipobonyea mbao.

"Mweke mama yetu kando ya ndugu yake," alisema. "Hawakuwa wanaonana sana."

Chai ilipokuja aliinywa vikombe viwili. Magunia yake alimwachia mama ya kuwekea viazi, akaapa atarudi baada ya mavuno kukagua kama mjomba bado ameketi vizuri, na akisikia ameshushwa hata rafu moja, atakuja na lori. Mama akamwambia aje hata bila mavuno.

Mama alinipa kibali cha chumba kwa ishara ya kidevu tu: nenda. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba kilichofichwa nyuma ya magunia, na dirisha ambalo sikuwa nimelijua. Nikafagia mabaki ya gazeti na vumbi la mbao, nikafungua dirisha, nikaketi kuvua viatu. Jua lilikuwa bado juu ya migomba. Upande wa pili wa ukuta wifi hakuwa ameondoka bado; yeye na mama walikuwa wameanza kubishana kama kiboko wa jiwe akae karibu na twiga au aondolewe kabisa, kila mmoja akisema kwamba marehemu asingekubali, na kioo cha kabati kikisukumwa huku, na kurudishwa kule.