Mashine Isiyobishana na Mwenyewe

Ukitaka Cheptanui akukasirikie kabla hujaketi, mwonyeshe simu inayoulizauliza. Una uhakika unataka kufuta? Una uhakika unataka kutoka? Alikuwa akiishika simu kama hiyo kwa vidole viwili, mbali na pua, na kusema, "Sasa hii ni simu ama ni mama mkwe?" Wateja walicheka, naye akaendelea.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri mjini Nakuru, na huko juu maoni yalitolewa bure. Simu inayokwisha chaji kabla ya saa kumi ni pambo. Apdeti haibonyezwi siku inapotoka. Ngoja wiki mbili wengine waharibikiwe kwanza. Mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, isidharauliwe, maana ikianguka unaiokota na kuendelea na mazungumzo. Lakini kauli iliyomjengea jina ilikuwa hii: mashine nzuri haibishani na mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kufunga traka kwenye malori. Ni kasanduku kadogo chini ya dashibodi, ndani yake laini ya simu. Mwenye lori aliyeketi kwake Lanet analiona gari lake kwenye ramani, nukta ya buluu ikitambaa barabarani. Akishuku wizi, anabonyeza kitufe chekundu kwenye simu yake, dizeli inakatika na injini inazima. Hapo mwanzo Cheptanui aliweka kizuizi: lori likiwa mbioni, kitufe kilisubiri mpaka lipunguze mwendo. Kisha mteja wake Gathogo, mwenye malori manne ya mahindi, akaibiwa moja. Alibonyeza, na lori likaendelea kukata lami kilomita tisa nzima kabla ya kuzima. Alikuja ofisini amefura.

"Gari ni yangu, simu ni yangu, dizeli ni yangu," alisema. "Sasa hii mashine yako inangoja ruhusa ya nani?"

Ilikuwa kauli ya Cheptanui mwenyewe, amerushiwa usoni. Siku hiyohiyo alikwenda akaondoa kizuizi kwenye malori yote ya Gathogo. Kwenye lori la mwisho alilala chini ya dashibodi, na dereva, Ooko, ndiye aliyemshikia tochi, huku akimsimulia vile binti yake Natasha ameingia kidato cha kwanza. Cheptanui alitoka hapo akijiona amefanya kazi safi. Alikosea, na mimi sitamtetea.

Miezi mitatu baadaye, Alhamisi saa tisa mchana, Gathogo akapiga simu.

"Umeona hiyo lori ya Ooko? Imekaa Mau Summit dakika arobaini. Arobaini! Ananyonya dizeli huyo."

"Labda anakula, mzee."

"Anakula dizeli yangu! Sasa ndio ametoka. Naizima hapo alipo, halafu nakuja na polisi."

Cheptanui akatupa jicho kwenye ramani. Nukta ya Ooko ilikuwa imeanza kushuka mteremko wa Sachang'wan kuelekea Salgaa, mwendo wa hamsini na nane, na mahindi magunia mia tatu mgongoni. Injini ikizima pale, hakuna gia ya kulishika lori, upepo wa breki haujazwi tena, na usukani unakuwa jiwe. Na chini huko kuna watu, magari, akina mama wanaouza viazi kando ya barabara.

"Mzee, usibonyeze! Ako kwa mteremko! Atakufa, na ataua watu!"

"Kumbe wewe na yeye ni kitu kimoja."

"Haki ya Mungu, mzee, si hivyo."

"Ndio maana ile ya kwanza haikuzima mara moja. Mnagawana." Akakata simu.

Cheptanui alimpigia tena, Gathogo hakushika. Akampigia Ooko, simu ikaita mpaka ikachoka. Angeshikaje? Ooko alikuwa na sheria yake: kwenye mteremko hapokei simu, hata apigiwe na malaika. Cheptanui mwenyewe alikuwa akimsifu kwa hilo mbele ya madereva wengine.

Je, amfungie Gathogo nje ya programu? Njia haikuwapo. Aliijenga hivyo kwa kiburi chake, kwamba mwenye gari ni mwenye gari, hata fundi asimguse. Kubadilisha hilo kungemchukua nusu saa, na lori lilikuwa na dakika kumi, ama hata tano.

Ikabaki seva, kompyuta nyeusi pale pembeni, ambayo amri zote zilipitia. Akiizima, Gathogo abonyeze mpaka kidole kiote sugu. Lakini magari mia mbili na sitini ya wateja wengine nayo yangepotea kwenye ramani, na wiki hiyo malori mawili yalikuwa yameibwa barabara ya Nairobi. Wa tatu akiibiwa dakika hizo, angemkaba koo nani?

"Shindwe!" alipiga kelele, sijui alikuwa akimwambia nani, akang'oa waya wa stima.

Seva ikaendelea kunguruma. Betri ya akiba! Aliinunua kwa sababu stima ya Nakuru ni ya kuja na kwenda, na watu aliwaringia nayo, saa sita bila kuzima. Akapiga magoti, ukucha ukakatika, akang'oa waya wa betri na wa mtandao pia. Ngurumo ikakatika. Ramani ikafutika.

Hapo ndipo alipotambua kwamba sasa na yeye ni kipofu. Je, Gathogo alibonyeza kabla? Hakuwa na pa kuangalia. Alimpigia Ooko tena, na tena, huku wateja wakipenyeza simu zao katikati. "Madam, gari yangu imeenda wapi?" "Niaje, ramani imekufa?" Aliwakatia wote. Akamwona Natasha katika sare ya shule, msichana ambaye hajawahi kumwona hata siku moja.

Saa tisa na dakika thelathini na nane simu ikalia. Ooko.

"Madam, umenipigia mara kumi na moja. Kuna msiba?"

"Uko wapi?"

"Salgaa. Nimeegesha hapa kwa hoteli, nimeacha injini ijaze upepo. Breki zinavuja. Nilimwambia mzee tangu juzi, akasema nitafika nazo Nakuru. Huko Mau Summit nimekaa dakika arobaini nikingoja upepo ujae."

Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa ikinguruma polepole. Cheptanui aliketi sakafuni akalia, bila aibu. Kisha akakumbuka jambo lingine alilojivunia: amri ikikosa njia, programu yake iliyo kwenye simu ya mwenye gari haikati tamaa, hujaribu tena mpaka ipite.

"Ooko, umeweka hendibreki?"

"Nimeweka."

"Weka na jiwe kwa gurudumu. Usiniulize, weka. Halafu usikate simu."

Aliposikia jiwe limewekwa, alirudisha nyaya. Seva ikaamka. Nukta moja ikatokea, halafu kumi, halafu ramani ikajaa. Ya Ooko ilikuwa Salgaa, imetulia. Alihesabu moyoni, akafika kumi na nne, na ile ngurumo ndani ya simu ikakatika.

"Haiya! Madam! Gari imejizima!"

Angeweza kusingizia mtandao. Mtandao umeshabeba dhambi za mafundi wengi.

"Haijajizima. Ni mzee wako. Alibonyeza ukiwa kwa mteremko," alisema. "Ilikuwa na kizuizi cha kuzuia hiyo. Nilikitoa mimi."

Cheptanui alisikia mtu hotelini akiagiza chapati mbili, na lori likipita kwa kishindo barabarani.

"Ile siku nilikushikia tochi," Ooko alisema mwishowe. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza."

Cheptanui alichukua begi la vifaa, akafunga ofisi huku simu za wateja zikiendelea kumiminika, akaenda Salgaa kurudisha kizuizi. Tochi alijibebea mwenyewe.