Shule ya Jikoni kwa Dionisia

Siku Magreti aliporudi kutoka shule gauni limelowa mkojo na miguu imevimba mistari ya fimbo, mama yake, Dionisia, alikuwa anamenya mihogo. Hakupiga kelele. Alimvua lile gauni, akamwogesha, ndipo akamuuliza kwa Kimakua amefanya kosa gani.

Magreti, aliyekuwa katika wiki yake ya pili tu darasani, alisema alibanwa na haja. Alimwomba mwalimu ruhusa kwa Kimakua, maana hakuwa na lugha nyingine. Mwalimu akamwambia aseme Kiswahili. Akaomba tena kwa Kimakua. Akaambiwa vilevile. Baada ya hapo hakuwa tena na haja ya kuomba.

Ulikuwa mwaka wa arobaini na tisa, matrekta ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga yanang'oa msitu huko Nachingwea kama mtu anayeng'oa magugu. Severini, baba yake Magreti, alikuwa kibarua huko. Nyumbani Ruponda alikuja mara mojamoja, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope. Dionisia alipomsimulia, alitikisa kichwa.

"Sisi hapa wageni, mama Magreti. Shule ina wenyewe."

"Wageni! Mimi nimevuka Ruvuma nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Huyu mtoto amezaliwa juu ya mkeka huuhuu unaoukalia."

Severini akainamia ugali wake. Magreti hakurudi shule. Akapewa jembe, na jembe lilipowekwa chini akapewa mdogo wake Letisia ambebe.

Hasira ya Dionisia ilikuwa moto wa pumba: juu kimya, chini unakula. Alimkasirikia mwalimu, akamkasirikia Severini na ule uinamaji wake. Aliyemkasirikia zaidi alikuwa yeye mwenyewe, aliyempeleka mtoto kule mikono mitupu kama mtu anayempeleka mtu shambani bila jembe. Letisia alipoanza kuota meno ya pili, Dionisia akaapa kwamba huyu hatakwenda hivyo.

Akaanza jikoni. Kila alichoshika alikitaja kwa Kiswahili, na Letisia akitaje. Chungu. Mwiko. Maji. Moto. Maganda ya karanga yakawa hesabu: moja, mbili, tatu, na akikosea anarudi mwanzo. Alimzoesha kukaa kitako bila kutapatapa hadi mboga ichemke. Alimpa kijiti, akatandaza majivu, akamwambia achore duara, achore msalaba, achore kitu chochote mradi mkono usitetemeke. Na kila asubuhi, kabla ya uji, mtoto alisimama wima mlangoni akasema kwamba anaomba ruhusa kwenda nje.

Shida ni kwamba Kiswahili chenyewe Dionisia alikuwa nacho kidogo, cha sokoni. Akipungukiwa na neno alilifuata hukohuko. Swalehe, aliyeuza nguo pale Ruponda, alimchoka.

"Mama, leo unanunua, au unauliza majina tu?"

"Nauliza. Hii inaitwaje?"

"Inaitwa kitufe. Nayo inauzwa."

Dionisia akaenda zake na neno lake. Wanawake wenziwe walimcheka kisimani, wakasema anamtia mtoto wazimu. Mmoja akauliza kama Letisia anakwenda kuwa karani kwa Wazungu. Dionisia alimtazama hadi akainamisha macho. Magreti, kisichana tayari, alikuwa akipita na kuni kichwani wakati mama na mdogo wake wanahesabu maganda. Alizitua kwa kishindo, akaenda zake.

Mwaka wa hamsini na nne Letisia akaenda shule. Mwalimu Adinani, mgeni aliyetokea upande wa Tunduru, alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Sikio likashikika. Akaandikwa.

Siku ya tatu alirudi amefunga mdomo. Hakusema Kimakua, hakusema Kiswahili. Alikataa uji. Ilimchukua Dionisia hadi kesho yake kujua. Mwalimu aliinua kitu juu akauliza ni nini, na Letisia, mkono wake ukiwa wa kwanza, akajibu kwa sauti: "Kitapu!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. "Kitapu! Nani amekufundisha?" Mtoto akasema, mama. Wakacheka tena.

Ndivyo Dionisia alivyolitamka. Ulimi wake wa Kimakua haukuizoea b, wala d, wala g. Kila neno alilolileta kwa jasho kutoka sokoni alikuwa amelifikisha nyumbani limevunjika, na hakuna aliyemwambia.

Alikwenda shuleni moja kwa moja kutoka shambani, jembe begani, matope kwenye vifundo vya miguu. Alisimama mlangoni mwa darasa, hodi hakupiga.

"Mwalimu! Mtoto wangu kwa nini umempika kwa maneno?"

Watoto wakacheka. Mwalimu kampika mtu! Mwalimu Adinani akanyanyua mkono wanyamaze, lakini na yeye midomo ilimcheza.

"Chekeni," Dionisia akasema. "Uliuliza kitu, alijua. Wengine wote kimya, yeye alijua! Mkupwa wake alikosa neno, alipikwa fimpo. Huyu ana neno, anachekwa. Mnataka aje na nini?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu alitoka nje, akamsogeza pembeni kidogo. Hakuwa mtu mbaya, wala yeye siye aliyempiga Magreti. Ila alikuwa amechoka, na darasa lilikuwa linamsubiri.

"Mama, nimekuelewa. Sasa na wewe nielewe. Ukitaka mtoto ajifunze vizuri, acha kumfundisha. Unamharibu."

Dionisia alirudi nyumbani akikata ovyo majani ya njiani kwa jembe. Kilichomuuma kuliko kicheko ni kwamba yule mwalimu hakuwa amesema uongo.

Jirani yake Mwanawetu alikuwa amekulia Lindi, na Kiswahili chake kilinyooka kama uzi. Walikuwa hawasemeshani tangu mbuzi wa Mwanawetu walipoingia kwenye mihogo ya Dionisia. Jioni ile Dionisia alimeza mate machungu, akaenda na Letisia akapiga hodi.

"Umekuja kudai mihogo?" Mwanawetu akauliza bila kuinuka.

"Nimekuja kuompa uniongeleshee mtoto. Ulimi wangu mpovu."

Mwanawetu akajisogeza kwenye mkeka. "Basi kaeni wote wawili. Nikimnyoosha mtoto halafu arudi kwako, si kazi bure?"

Aliwashikisha koo, wausikie mtetemo. Ba. Pa. Ba. Letisia aliipata upesi mno. Dionisia hakuipata. Jioni moja, nyumbani, alisema neno, na Letisia akacheka, kicheko kilekile cha darasani. "Siyo hivyo, mama! Unasema vibaya!"

Mkono wa Dionisia uliinuka wenyewe. Ulibaki hewani, kwa sababu Magreti alisema kutoka upande wa mafiga:

"Mpige. Mimi hukunipiga. Hukunifundisha pia."

Dionisia akaushusha mkono. "Ningejuaje, mwanangu? Hakuna aliyeniambia."

"Kwa huyu, nani alikuambia?"

Moto ulilia kidogo chini ya chungu. Dionisia akamsogezea kigoda. "Njoo ukae. Hata leo si kuchelewa."

"Nimeshakuwa mkubwa," Magreti akasema kwa Kiswahili, kila herufi mahali pake. Kumbe alikuwa anasikiliza siku zote zile huku amebeba kuni. Hakukaa. Akatoka nje.

Letisia alisonga mbele, darasa baada ya darasa. Mwalimu Adinani alipokutana na Dionisia njiani alimwamkia kwa heshima, na Dionisia alimwitikia kwa shingo upande hadi mwalimu huyo alipohamishwa. Mwaka wa hamsini na sita Magreti aliolewa Naipingo. Alikuja kumsalimu mama yake mara chache, hakuwa anakaa sana.

Siku moja, mvua za masika zimekwisha, alifika akiwa na mtoto wake wa kwanza kiunoni, kasichana kalikojua kutembea juzijuzi. Hakungoja maji ya kunywa. Alikaweka chini, kwenye mkeka mbele ya Dionisia.

"Nakuachia huyu," akasema. "Maneno nitamtamkia mimi nikija. Wewe mpe hesabu, mpe kukaa, mpe kuchora. Na anza leo, mama. Usingoje aote meno ya pili."

Dionisia alikavuta kale katoto mapajani. Magreti alikuwa bado amesimama, uso umekaza, kama anangoja mtu ambishie.